Cherehani ya Turubai na Makochi: Isikulaghai kwa Jina la Kiwandani

Katika kambi nyingi za jeshi na nyumba za polisi hapa Uganda hapakosekani cherehani. Aghalabu ni ile ya kukanyaga kwa miguu, yenye meza ya mbao na miguu ya chuma, nayo hushona sare za shule, mashuka, mapazia, na magauni ya Krismasi na ya Idi. Cherehani hiyo ni rafiki wa nyumba, wala si nia yangu kuidharau. Lakini siku mke wa askari anapoletewa kiti cha gari kilichopasuka reksini, au mwenye lori anapomwuliza kama anaweza kuunganisha turubai, ndipo anapouona mwisho wa nguvu zake. Sindano hukatika, mishono huruka, na kitambaa hukwama chini ya mguu kama punda aliyegoma.

Kazi za namna hiyo hulipa vizuri kuliko kushona sare za watoto, tena hazina msimu. Malori hayaishi kuchanika maturubai, makochi hayaishi kuchakaa, na pikipiki za abiria zimejaa kila mji na kila moja ina kiti chake. Ni kazi ambayo askari aliyestaafu anaweza kuifanya pamoja na mkewe chini ya mwembe, yeye akikata na kupiga misumari, mama akishona. Kwa sababu hiyo watu wengi wanaopata kiinua mgongo, au wanaorudi kutoka ulinzi wa nje ya nchi, hufikiria kununua cherehani kubwa iliyokwisha kutumika, kwa kuwa mpya bei yake haishikiki. Hapo ndipo fedha za miaka hupotea kwa saa moja. Naijua saa hiyo, kwa maana nilikuwamo.

Mwaka 2012 mume wangu, ambaye wakati huo alikuwa sajini, alikuwa Somalia pamoja na wenzake wa Uganda katika jeshi la Umoja wa Afrika. Tulikubaliana kwa simu kwamba akiba ya miezi kumi na minne tuiweke katika cherehani ya kazi nzito. Nilikwenda mjini peke yangu. Muuzaji alinionyesha mashine iliyopakwa rangi mpya ya kijani, ikang'aa kama kijani cha mgomba baada ya mvua, akanihakikishia kuwa ni cherehani ya kiwandani. Alichukua kipande cha amerikani, akakikunja mara mbili, akakanyaga; mashine ikalia kama mvua ya mawe juu ya bati, na mshono ukatoka umenyooka. Nikalipa. Muuzaji yule hakunidanganya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi baadaye. Ilikuwa kweli mashine ya kiwandani, ila ya kiwanda cha mashati.

Turubai la kwanza nililopewa lilikuwa la lori dogo. Nilipanga vipande viwili vilivyolingana, nikavishona kutoka mwanzo hadi mwisho, na nilipofika mwisho kipande cha juu kilikuwa kimezidi kile cha chini kwa upana wa viganja viwili. Nikafumua, nikashona tena, kikazidi tena. Mahali palipokutana mapindo manne mguu haukupanda, mishono ikasongamana mpaka turubai likatoboka kama karatasi ya stempu. Mwenye lori alikataa kazi, nami nikamlipa kitambaa chake.

Jirani yetu mmoja, koplo mstaafu ambaye miaka mingi alikuwa stoo akitengeneza mahema na maturubai ya magari ya jeshi, alikuja kuitazama mashine hiyo. Hakuigusa. Aliniuliza swali moja tu: "Mama, kitambaa chako kinavutwa na nini?" Sikuwa na jibu. Ndugu msomaji, ikiwa nawe huna jibu la swali hilo, usitoe fedha yako mfukoni.

Cherehani nyingi, za nyumbani na za mashati, huvuta kitambaa kwa meno ya chini peke yake. Mguu wa juu kazi yake ni kukandamiza. Kitambaa kikiwa chepesi, hiyo yatosha. Lakini turubai ni zito, na reksini yenye sponji hunata chini ya mguu. Basi meno huvuta kipande cha chini, mguu hukizuia cha juu, na kila mshono mmoja huacha tofauti ndogo isiyoonekana kwa jicho. Mishono ikifika elfu moja, tofauti hiyo inakuwa viganja viwili. Mashine ya makochi na turubai imeundwa kwa namna nyingine. Ina miguu miwili, mmoja ndani ya mwingine, nayo hupokezana: mmoja ukishika, mwingine huinuka, kama mtu anayetembea, na ndiyo maana mafundi huuita mguu wa kutembea. Katika mashine zilizo bora, sindano nayo, ikiwa bado imo ndani ya kitambaa, husogea pamoja na meno na mguu, hata tabaka zote zikaenda kwa mwendo mmoja. Hapo kipande cha juu hakina njia ya kubaki nyuma.

Jambo hili huonekana kwa macho, na halihitaji ufundi. Zungusha gurudumu la mkono polepole, uitazame sindano kutoka ubavuni. Ikiwa inapanda na kushuka tu mahali pamoja, na mguu umetulia, hiyo ni mashine ya mashati, hata kama imeandikwa nini. Ikiwa miguu inapokezana na sindano inakwenda mbele na kurudi, umekaribia unachokitafuta.

Jina la kiwandani, basi, si kitu. Juki, kampuni ya Kijapani, imetengeneza DDL-8700 ambayo inaweza kufikia mishono 5,500 kwa dakika, na mshono wake mrefu ni kama milimita 4 au 5. Kampuni hiyo hiyo imetengeneza DNU-1541, ambayo haifiki nusu ya mwendo huo, lakini mshono wake unafika milimita 9 na mguu wake huinuka milimita 16 kwa kusukuma kwa goti. Zote mbili ni za kiwandani. Moja itakupa mashati mia moja, nyingine itakupa turubai. Ukimkuta muuzaji anasifu mwendo wa kasi, jua kwamba hajui kazi yako, au anaijua sana.

Katika mitumba inayofika kwetu kwa njia ya Mombasa, mashine za makochi unazoweza kukutana nazo si za aina nyingi. Ziko Singer za kundi la 111W, za Marekani, ambazo ni za zamani lakini chuma chake kigumu. Kasoro ya 111W155 ni kwamba hairudi nyuma, hivyo mwisho wa mshono lazima ugeuze kitambaa au ufunge uzi kwa mkono. Ziko Juki LU-563, Consew 206RB, Pfaff 545 na Adler 67. Ziko pia za Kichina zilizofuata umbo la hizo za Kijapani, na nyingi zinatumia sindano zile zile za aina ya 135x17, ambalo si jambo dogo, kama nitakavyoeleza.

Kuna mbili nyingine ambazo huuzwa kwa sifa zisizo zake. Ya kwanza ni Singer 31K, cherehani ya mafundi nguo wa zamani. Herufi K inaonyesha kwamba ilitengenezwa Clydebank, Scotland, katika kiwanda kilichofungwa mwaka 1980. Ni mashine ya heshima, inashona suruali nzito na turubai jembamba, tena hukanyagwa kwa miguu pasipo umeme. Lakini huvuta kwa meno ya chini tu. Ya pili ni Singer 29K, ile yenye mkono mwembamba mrefu ambayo washona viatu hukaa nayo barabarani. Hiyo mguu wake hugeuka pande zote, na kwa kiraka cha kiatu au mkoba haina mpinzani. Lakini bobini yake ni ndogo mno. Kushona nayo viti vya basi zima ni sawa na kuteka pipa kwa kijiko.

Sasa nieleze namna ya kuijaribu mashine, maana hapa ndipo koplo yule alipotumia siku nzima kunifundisha.

Nenda na kitambaa chako. Wa kwangu ulikuwa mfuko wa sukari wenye vipande vya turubai, vipande vya reksini, kipande cha sponji, sindano mpya na kibunda cha uzi mnene. Muuzaji atakupa amerikani au kipande cha jinsi. Mshukuru, ukiweke kando. Tena fika mapema mchana, si jioni watu wanapofunga, kwa kuwa mwenye haraka hukubali.

Kabla ya umeme kuwashwa, zungusha gurudumu kwa mkono mzunguko mzima, mara kadhaa. Linapaswa kwenda kwa ulaini ule ule. Pakiwa na mahali panapokuwa pagumu kisha panalegea, huenda kuna uzi uliojiviringa ndani, au kutu, au shafti imepinda. La kwanza ni dogo, la mwisho ni msiba, na kwa kuwa huwezi kuyatofautisha hapo dukani, mwambie muuzaji akulainishie kwanza ndipo mzungumze bei. Shika nguzo ya sindano kwa vidole viwili uitikise upande huu na huu. Ikicheza waziwazi, imelika. Fungua sahani ya chini uangalie tundu la sindano. Likiwa limekwaruzwa na kutafunwa, ni alama kwamba sindano nyingi zimevunjika hapo. Pitisha ukucha kwenye ncha ya ndoana inayozunguka na kunasa uzi. Ukucha ukikwama, uzi nao utakwama.

Ilaze mashine nyuma juu ya bawaba zake uone tumbo lake. Rangi mpya hupakwa usoni, tumbo halipakwi. Tazama kama kuna mafuta masafi au utope mweusi ulioganda, maana wako watu wanaotia mafuta ya injini, na hata ya kupikia, nayo hugeuka gundi. Tazama vichwa vya skrubu. Vikiwa vimekwanguliwa vyote, mashine hiyo imefunguliwa na watu wengi ambao hawakuwa na bisibisi inayofaa.

Kisha toa uzi, weka karatasi chini ya mguu, ushone mstari mmoja. Karatasi haina huruma: matundu yakinyooka na kuachana sawasawa, mvuto ni mzuri; yakiyumba, au mengine yakikaribiana, usiendelee. Baada ya hapo tia uzi wako na kitambaa chako. Kunja turubai liwe tabaka mbili, kisha nne, kisha sita mahali pamoja, ushone kuupanda mlima huo na kuushuka pasipo kusukuma kwa mkono. Tazama mishono ya kwenye mteremko. Ikiwa mlimani imefupika sana kuliko bondeni, miguu haiinuki vya kutosha, nayo huenda ikarekebishika; uliza, mwone fundi akiirekebisha mbele yako. Mwishowe chukua vipande viwili vya reksini vyenye urefu wa mkono mmoja, vikate pamoja vilingane, uvishone uone kama mwisho wake unalingana. Kama ningefanya jaribio hilo peke yake mwaka 2012, dakika tatu zingeniokolea miezi kumi na minne.

Mashine yetu ya pili tuliipata mwaka uliofuata, mume wangu akiwa amekwisha kurudi, na namna tulivyoipata bado hunitia haya kidogo. Ilikuwa Juki LU-563, imetupwa pembeni mwa duka, imejaa vumbi. Mwenye duka alisema imekufa: gurudumu linazunguka, sindano inapanda na kushuka, lakini ndoana ya chini haisogei. Alitaja bei ya chuma chakavu. Koplo alizungusha gurudumu, akanyamaza, akamwambia mume wangu alipe. Baada ya kulipa alikibonyeza kitufe kidogo kilicho juu ya kitanda cha mashine, akalizungusha gurudumu kwa nguvu huku kitufe kimebonyezwa. Ikalia tak, na ndoana ikaanza kuzunguka. Mashine nyingi za aina hiyo zina klachi ya usalama, ambayo hujiachia uzi unapokwama, ili ndoana isivunjike. Ilikuwa haijafa, ilikuwa imejilinda. Mume wangu alicheka. Mimi nilimtazama mwenye duka, ambaye hakucheka. Koplo alimwonyesha kitufe kile kilipo, kwamba asipoteze nyingine, na mume wangu akamwongezea kidogo juu ya bei. Je, ilitosha? Mpaka leo mimi na mume wangu hatukubaliani.

Hata hivyo furaha yetu ilipungua tulipofika nyumbani, kwa sababu ya mota. Mashine zinazotoka viwandani mara nyingi huwa na mota ya nyaya tatu za moto, nayo haifanyi kazi kwa umeme wa nyumba, ambao ni wa njia moja wa volti 240. Nyingine zimetoka Japani, ambako umeme wa nyumba ni volti 100, au Marekani, volti 120. Soma kibati kilichopigiliwa kwenye mota kabla ya kupatana bei. Ukiona alama ya 3 na kiwimbi, au volti zisizo zetu, hesabu bei ya mota mpya papo hapo, uiondoe katika bei ya mashine. Kibati hicho hicho kitakuambia mizunguko ya mota kwa dakika: kama 1,400 au kama 2,800. Chukua ya 1,400, na uifunge puli ndogo kabisa utakayoipata, kwa maana puli ndogo hupunguza mwendo na kuongeza nguvu ya sindano kupenya. Mota za kale za klachi huzunguka na kunguruma hata usiposhona, nazo hula umeme bure. Hizi mpya za servo huzunguka unapokanyaga tu, tena unaweza kuziamuru ziende mshono mmoja mmoja. Kwa anayelipia umeme kabla ya kuutumia, na mwenye mtoto mchanga chumba cha pili, tofauti hiyo si ya anasa.

Nilisema nitarudi kwenye sindano. Kabla ya kununua mashine yoyote, pita kwanza kwa wauza vifaa vya cherehani waliopo karibu na kwako, uulize wanazo sindano gani, bobini gani, na ndoana za mashine gani. Mashine nzuri ya Ulaya ambayo sindano yake haipatikani Kampala ni samani. Kwa sindano za 135x17, namba 18 huenda na uzi wa nailoni wa namba 40, namba 20 na uzi wa 30, na namba 22 na uzi wa 20. Katika hesabu hiyo ya uzi, namba ikipungua uzi huwa mnene zaidi. Kwa makochi ya ndani nailoni ni imara sana. Kwa turubai la lori na hema linalokaa nje, tumia poliesta, maana jua huidhoofisha nailoni upesi zaidi, na mteja ataleta turubai lililofumuka wakati kitambaa chenyewe bado kizima.

Juu ya bei siwezi kusema mengi, kwani hubadilika kila kontena linapofika. Nitasema tu kwamba cherehani isiyo na meza wala mota si ya bei nusu kama wauzaji wanavyotaka uamini, kwa kuwa meza, miguu, mota na mkanda ni fedha. Dai risiti yenye namba iliyogongwa kwenye mwili wa mashine, jina la muuzaji na siku. Ukiweza, acha sehemu ya fedha mpaka mashine ishone siku saba. Muuzaji mwenye imani na mali yake hukubali mara nyingi zaidi kuliko unavyodhani.

Na safari ya kuipeleka nyumbani iwe ya adabu. Ondoa mkanda, toa kichwa mezani, kishikwe na watu wawili kwa mwili wake, si kwa gurudumu wala kwa nguzo ya sindano. Kilaze juu ya godoro au magunia ndani ya gari. Niliwahi kuona kichwa cha mashine kimefungwa nyuma ya pikipiki kutoka Owino, na hata sasa nikikumbuka barabara ile nasikitikia ndoana yake. Ukifika, tia mafuta meupe ya cherehani katika kila tundu, izungushe kwa mkono, iache usiku mmoja, kesho yake ufute na utie tena kabla ya kuwasha.

Ile mashine ya kijani hatukuiuza. Inashona sare za shule za watoto wa majirani, nayo kwa kazi hiyo ni hodari kweli. Juki iko chini ya mwembe mchana, ndani usiku, na wiki hii ina viti vya matatu mbili vya kutoka Iganga. Mfuko wa sukari wenye vipande vya turubai na reksini umening'inia kwenye msumari mlangoni. Kila mwezi hapakosi mke wa askari au mzee aliyestaafu anayekuja kuuazima, na sharti langu ni kwamba urudi na vile vipande vilivyoshonwa, ili nami nione mashine aliyoinunua inavyotembea.